Buti la Mercedes ya Mwalimu Lelei

Wewe uliyekaa mbele na viatu vinavyong'aa, hebu nijibu kabla sijaanza: watu watatu waking'arisha gari moja, mng'ao ni wa nani? Usikohoe. Jibu. Huna jibu? Basi tega sikio, na ukisinzia nitakutaja jina mbele ya watu.

Hapo zamani, wala si zamani ya sungura na fisi, zamani ya juzijuzi tu, sisi tumeshavaa majoho ya mahafali na kuyarudisha, palikuwa na yadi ya kung'arisha magari Nakuru, upande wa viwandani. Mwenye yadi aliitwa Madam Khasoa. Madam alikuwa na vijana watatu wa majaribio. Majaribio! Neno tamu hilo. Maana yake unafanya kazi kama mwenye kazi, unakula kama asiye nayo.

Wa kwanza Sirma, aliyesomea ualimu wa hisabati na hajawahi kupewa darasa. Wa pili Gathogo, diploma ya hoteli, mdomo kama redio ya kinyozi. Wa tatu Moraa, digrii ya uchumi, second class upper, if you please. Kule Nyamira mama yake Moraa alikuwa ameshasimama kanisani akatangaza kwamba mwanawe ameandikwa na kampuni ya magari. Kanisa zima likapiga makofi. Moraa akikosa nafasi hii, mama atawatazama vipi watu wale? Hilo ndilo Moraa aliloamka nalo kila siku.

Ijumaa moja ikaingia Mercedes nyeusi ya miaka mingi. Akashuka Mwalimu Lelei, mkuu wa shule mstaafu.

"Kesho gari hili linampeleka binti yangu kanisani," akasema. "Marehemu mama yake alikuwa akilifuta kila Jumamosi kwa kitambaa kikavu. Alilipenda mpaka akalikwaruza. Sitaki lipakwe rangi mpya. Nataka ling'ae na ngozi yake hii hii. Nitalichukua leo alasiri."

Madam akawaita watatu wake. "Nafasi ya kudumu ni moja. Gari ndilo hili. Sirma, osha upige mashine. Moraa, paka glezi. Gathogo, paka waksi. Jioni nitachagua."

Watu watatu, gari moja, nafasi moja. Mmesikia? Liwekeni hilo akiba.

Sirma akaosha, akakausha, akawasha mashine ya kusugua rangi. Haikunguruma sana, akaizima. Akageuza sponji yake. Nyeusi tititi.

"We Sirma, umeogopa stima?" Gathogo akamcheka.

"Rangi imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Nikiendelea, Mwalimu atampeleka bibi harusi na bati tupu."

"Na mikwaruzo je?" Madam akafoka.

"Itafichwa, Madam. Kuondolewa, haitaondolewa."

Macho yote yakamgeukia Moraa. Glezi, kwa wale ambao gari lao ni miguu kama mimi, ni maziwa mazito yanayoingia ndani ya mikwaruzo na kuijaza, jicho lisiione. Lakini glezi haina kinga. Tone la mvua tu, inatiririka. Ndiyo maana juu yake hupakwa waksi, iifungie ndani. Glezi kwanza, waksi baadaye. Ukipindua, umepoteza siku yako.

Moraa akapaka, akasubiri mpaka rangi ikafifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi, akafuta. Akapaka tena juu ya ile ya kwanza, akasubiri tena, akafuta tena. Pole pole ule utando wa buibui wa mikwaruzo ukazama. Gari likawa jeusi la kina, jeusi la kisima. Akanyoosha mgongo, akatazama juu. Wingu lilikuwa limekaa juu ya mlima Menengai, limenuna.

Sasa sikilizeni desturi ya yadi ile. Palikuwa na makopo mawili ya waksi, ukubwa mmoja, rangi moja. La kwanza waksi ya kinga. La pili waksi ya kusugua, yenye chenga laini, inayokula chochote kilicho chini yake. Na Madam Khasoa, tangu afungue yadi, huandika jina la dawa kwenye kifuniko. Kwenye kopo haandiki. Kifuniko, ambacho hutoka! Kila mtu aliona ni ujinga, na kila mtu alinyamaza, kwa sababu mtu wa majaribio hamkosoi boss.

Moraa akayafungua yote mawili kutazama kama waksi itatosha. "Moraa! Leta maji huku!" Madam akaita kutoka ofisini. Moraa akafunika mbiombio, akakimbia.

Gathogo akaja, akasoma kifuniko, akaanza nyuma, na buti. Wapaka waksi wote hunusa kwanza, maana ile ya kusugua hunuka mafuta ya taa. Gathogo hakunusa. Alikuwa akisimulia jinsi alivyowahi kumhudumia mheshimiwa fulani supu yenye nzi.

Sirma alikuwa amechuchumaa kwenye gurudumu la nyuma. Akaliona buti linapoteza kina. Akauona utando wa buibui unarudi. Akainamisha kichwa, akaendelea kusugua gurudumu. Moyoni akasema: acha aharibu, tutabaki wawili.

Ni Moraa aliyerudi akapiga kelele. "Gathogo, simama! Nipe hicho kitambaa!" Akanusa. Mafuta ya taa.

"Kifuniko kinasema kinga! Soma mwenyewe, dada, wewe si ndiwe wa digrii?"

Moraa akakitazama kifuniko, akaitazama mikono yake. Mikono hiyo ndiyo iliyofunika mbiombio. Na upepo ukaja, na harufu ya mvua ndani yake. Gari zima lilikuwa na glezi tupu, bila waksi. Buti lilikuwa uchi. Yadi haikuwa na paa.

Hapakuwa na wa kusema fanya hivi. Sirma akanyakua turubai, akapanda juu ya pipa, akalitandaza juu ya buti, mikono imeinuliwa, upepo ukimvuta kama bendera. Gathogo akalinusa kopo la pili mpaka pua ikagusa waksi, akakimbia nalo: boneti, paa, milango, bila kusema neno. Gathogo, bila neno! Moraa akainama chini ya turubai, akaliosha buti, akapaka glezi, akalipepea kwa kipande cha katoni. "Kauka. Kauka, tafadhali." Matone yakaanza kugonga.

"Mikono inakufa huku!" Sirma akalia.

"Ife kidogo tu!"

Akafuta, akapaka tena, akapepea tena. Moraa alipofuta mara ya mwisho, Gathogo alikuwa amemaliza kwingine kote, akaingia chini ya turubai, akatupa sponji, akapaka waksi kwa kiganja kitupu ili joto lake liilainishe. Wakaisubiri ikauke wakiwa wameshikilia pumzi. Gathogo akaifuta. Mvua ikamwagika.

Mwalimu Lelei akashuka kwenye teksi na mwavuli. Sirma akaachia turubai. Maji yakalipiga buti, yakajikusanya shanga shanga, yakateleza yakaenda zake. Chini yake weusi ule haukutikisika. Mzee akaweka kiganja juu ya buti, akakipitisha taratibu kama mwenye kitambaa kikavu.

"Leo ni kama Jumamosi ya marehemu," akasema. Kisha: "Madam, aliyelifanya hili usimwachilie." Akaondoka na gari lake.

Madam akageuka. "Haya. Semeni."

"Mimi nilijua kuacha," Sirma akasema. "Ningepiga mashine kama mlivyotaka, pasingekuwa na rangi ya kupaka kitu."

"Mimi nililifunga," Gathogo akasema. "Bila waksi yangu mzee angekuta maziwa yanatiririka mtaroni."

"Alichokipapasa Mwalimu," Moraa akasema, "ni glezi yangu."

"Na buti, nani aliliharibu?"

Hakuna aliyemwona Moraa akifunika makopo. Akamkumbuka mama yake, na makofi ya kanisa.

"Ni mimi niliyebadilisha vifuniko, Madam."

"Dada, si ungenyamaza!" Gathogo akashika kichwa. "Haya basi, nami sikunusa."

Sirma akatazama chini. "Nami niliona mapema. Nikanyamaza."

Madam Khasoa akawatazama mmoja mmoja, wameloa chapachapa. "Asanteni kwa ukweli," akasema. "Nafasi bado ni moja."

Je, nani alistahili? Aliyejua kuacha lakini akanyamaza? Aliyefunga lakini hakunusa? Au aliyeificha mikwaruzo yote, akashindwa kuuficha wake?

Jibuni ninyi, mimi nimechoka kujibu maswali ya interview. Ila wewe Madam Khasoa, na ninyi nyote wenye yadi, wenye ofisi, wenye wizara, mnaotuandikia "kazi" juu na kutuwekea ndani kitu kinachotukwangua, simameni hapa mbele. Kabla hamjatuuliza ni nani, tuambieni kwa nini ni mmoja. Na kuanzia leo, andikeni kwenye kopo.