Mstari Mweupe Kwenye Shafti

Ndugu zangu, leo mnivumilie, nimekuja na hasira.

Palikuwa na bwana mmoja mwenye mashine ya kusaga mahindi, na aliyeiendesha alikuwa shemeji yake, mjane wa kaka yake. Fundi aliyeifunga alipiga mstari mweupe wa rangi kwenye shafti, ile nondo nene ya chuma inayozungusha kinu, ukanyooka kutoka ncha hadi ncha. Akawaambia, "Chuma kikisokotwa kupita kiasi, kwa macho utakiona kimenyooka tu. Mtazameni mstari. Ukianza kujiviringisha, zimeni."

Wakati wa mavuno foleni ikafika barabarani. Mahindi hayajakauka, kinu kinakwama, na kila kinapokwama bwana yule anaamuru injini iongezwe mafuta. Jioni, mashine imezimwa, mwanamke akamwita.

"Shemeji, njoo uone. Mstari umejiviringisha kama maharage yanavyopanda mti."

Bwana akaipapasa shafti. Laini, imenyooka, haina hata ufa. Moyo wake ukatulia.

"Huu mstari unatutisha bure," akasema. "Watu wanataka unga."

Mnajua alifanya nini? Alichukua kitambaa na mafuta ya taa, akaufuta, akapiga mwingine mpya, umenyooka kama rula. Shemeji yake alimtazama, kisha akaenda kufagia pumba. Angesema nini, na watoto wake wanakula kwa mashine ile ile?

Kesho yake kinu kikakwama, injini ikaongezwa mafuta, shafti ikakatika bapa kama iliyopigwa msumeno. Kipande kikamrukia yule mama, kikamvunja mguu. Na bwana yule, badala ya kumwinua, alisimama na kipande mkononi, anautazama mstari wake mzuri.

"Chuma gani hiki," akasema, "kinakatika bila kutoa taarifa?"

Bila kutoa taarifa, jamani. Naona mnaguna, mnamlaani. Na sisi je? Si tunao watu tunaowasokota majumbani mwetu, kisha tunawapigapiga mgongo na kuwaita wavumilivu? Dada wa kazi amekonda, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi, lakini akija mgeni tunamvisha kitenge kipya na kusema hana shida yoyote. Huo ndio mstari mpya wa rangi, na aliyeupiga ni wewe.

Tumependeza asubuhi hii, tumeimba vizuri. Sasa kila mmoja ajiulize: nani amebaki nyumbani kwangu saa hii, ananipikia chakula, na ni lini mara ya mwisho aliketi kwenye benchi hili la kanisa? Nenda ukamtazame. Leo, kabla hujanawa mikono kula.