Timazi ya Fundi Ngussa

"Mlingoti hupimwa kwa chombo chake." Mmemsikia shangazi yenu Limi akimwambia baba yenu hivyo, pale baba alipoziweka ripoti zenu mbili za shule mezani, moja kando ya nyingine, akaanza kulinganisha. Baba akazikunja. Sasa mnaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Methali hii ilianza hivi, na wala sikusimuliwa, nilikuwemo chomboni.

Hapa Mwanza palikuwa na mwashi akiitwa Fundi Ngussa. Kuta zake zilinyooka hata watu wakasema mjusi akizipanda anateleza. Hakuwa mlevi wala mchezaji bao. Alipenda kitu kimoja tu, mashua ndogo za mashindano, zile zenye mkuku mzito wa chuma chini ya tumbo ili zisipinduke. Miaka kumi na minne alizitazama akiwa juu ya majengo ya watu. Daktari mmoja alipohamishwa akamuuzia yake, na Ngussa akatembea mjini wiki nzima kama bwana harusi.

Chama cha mashua kilikuwa na sharti. Mmiliki mpya alipewa Jumamosi tatu, na katika mojawapo lazima akizunguke Kisiwa cha Ndege na kurudi kabla ya saa sita mchana. Akishindwa zote, nafasi yake ufukweni anapewa mwingine. Mashua isiyo na pa kukaa utaifanyia nini? Utaiuza.

Mimi nilikuwa karani wa posta, mnene kuliko sasa, akanichukua nikae ubavuni niwe uzito. Mambo ya tanga sikuyajua, ila kukaa nilijua.

Mashua ilikuwa juu ya kigari chake, pale penye jabali linaloteremka ziwani. Ngussa akausimika mlingoti, akafunga waya za kulia na kushoto zinazoushikilia, kisha akatoa mfukoni timazi yake, ule uzi wenye kipande cha chuma wa kupimia kuta. Akaining'iniza, akafumba jicho moja, akakaza waya huu, akalegeza ule, hadi mlingoti na uzi wa timazi vikawa kitu kimoja. "Huo ndio mlingoti," akasema.

Jumamosi ya kwanza, tukielekea upande mmoja mashua ilikwenda vizuri. Tukigeuza, inagoma na kujiburura. Saa sita ilitukuta hata kisiwa hatujakifikia. Watu ufukweni wakamwambia, "Fundi, mlingoti wako umelala kushoto." Akaipandisha mashua kwenye kigari, akaining'iniza timazi, na mlingoti ulikuwa wima kabisa. Akawajibu, "Macho yenu ndiyo yaliyopinda."

Hata hivyo maneno yao yalimwingia. Jumamosi ya pili alipanga mawe upande wa kulia wa mashua, kwa ustadi kama anajenga msingi, mpaka mlingoti ukasimama wima majini. Mlingoti ulisimama, lakini mashua sasa ililalia ubavu. Tulizunguka pale pale mbele ya umati, sisi na mawe yetu. Nilicheka, na akaniambia nikicheka tena nitarudi kwa kuogelea. Lakini alipokuwa akiyatoa yale mawe, moja moja, nilimwona anafuta macho, na kicheko kikaniisha.

Jumamosi ya tatu asubuhi, mkewe Milembe alituletea uji. Milembe alikuwa mshonaji wa nguo. Alimkuta mumewe yuko na timazi tena.

"Baba Kulwa, unaupima mlingoti kwa kitu gani?"

"Kwa timazi. Timazi haidanganyi."

"Na mashua yenyewe, umesimama ukaitazama? Jabali limeinamisha kigari, na kigari kimeinamisha mashua."

"Mama Kulwa, hii si nguo."

"Ni nguo. Mteja wangu akiwa na bega moja chini, nikimkatia gauni kwa kufuata ukuta, litamkaa? Nampima yeye mwenyewe. Lete uzi."

Akaufunga uzi wake mrefu kwenye kamba ya kupandishia tanga, akaupandisha hadi ncha ya mlingoti. Akauvuta mpaka ukingo wa kushoto wa mashua, akapiga fundo hapo. Akauhamishia ukingo wa kulia, na fundo halikufika. Lilipungua shubiri nzima.

Ngussa alikaa chini juu ya jabali. Kisha akainuka, akairudisha timazi mfukoni, akalegeza waya za kushoto na kukaza za kulia mpaka fundo likagusa kingo zote mbili. Mlingoti sasa ulikuwa umelala kulia, mtu yeyote aliuona. Watu wakapiga vigelegele vya dhihaka. Kwa mwashi yule, kusimama mbele ya watu na kitu kilichopinda kwa mkono wake mwenyewe kulikuwa adhabu. Alivumilia.

"Panda na wewe," akamwambia mkewe.

Tukaisukuma. Mashua ilipoacha kigari ikakaa sawa majini, na mlingoti ukainuka nayo, wima. Kelele zikakatika. Upande huu ilikwenda, upande ule ilikwenda. Sijawahi kufurahi kukaa kitako kama siku ile. Tulirudi saa tano na nusu.

Katibu wa chama akaja kumpa mkono. "Kumbe timazi yako ndiyo ilikosea, Fundi."

"Haijakosea hata siku moja," Ngussa akasema. "Iliniambia kweli, ila ni kweli ya ardhi. Ya mashua sikuuliza. Mlingoti hupimwa kwa chombo chake. Na aliyenifundisha ni yule pale anayekamua gauni lake."

Aliyasema hayo kwa sauti, wote wasikie, na Milembe akajifanya hakusikia. Wiki ile ile neno hilo lilifika sokoni, na wanawake ndio walioanza kulitumia kwa watoto wao, kabla sisi wanaume hatujajua kuwa limekuwa methali. Kwa hiyo mkimwona mtu amepinda, msikimbilie kukaza waya. Tazameni kwanza amesimama juu ya nini. Mlingoti hupimwa kwa chombo chake.