Sikio la Kushoto la Mheshimiwa

Msaidizi wa Muda wa Kufukuza Nzi, Sikio la Kushoto la Mheshimiwa, Daraja la Chini: hicho ndicho cheo alichopewa Sungura mwaka ule wa ukame, na alipewa mbele ya mashahidi, kwa makofi. Cheo kilikuwa kirefu kuliko kazi yenyewe, na kirefu zaidi kuliko mshahara, ambao ulikuwa kata ya maji kila asubuhi.

Kata hiyo mtu asiidharau. Mvua zilikuwa zimegoma, mito imebaki mchanga, na maji yaliyosalia nchi nzima yalikuwa katika bwawa moja chini ya ulinzi wa Simba. Simba alikuwa ametoa amri, kwa sauti ya kutikisa vichaka, kwamba maji ni ya watumishi wa umma peke yao. Asiye na cheo hana kata. Basi wanyama wote wakaacha shughuli zao wakaja kupanga foleni ya kutafuta vyeo. Hapo ndipo nchi ilipopata Mkuu wa Kivuli cha Mchana, Mratibu wa Mwangwi na Mshauri wa Vumbi, na ikakosa mtu wa kuchimba kisima.

Sungura hakuwa mnyama wa hivi hivi. Ukimuuliza angekuambia, na usipomuuliza angekuambia vilevile. Alikuwa amesomea kwa Kobe wazee, ng'ambo ya milima, jinsi ya kufuata mishipa ya maji chini ya ardhi. Alijua lugha za ndege na za wenye kwato. Aliwahi kusuluhisha ugomvi wa Tembo na Siafu, na hakuna aliyekanyagwa wala aliyeng'atwa. Siku ya usaili alikuja amechana masharubu, akiwa na hakika kwamba atapewa Ukuu wa Visima, nafasi ambayo ilikuwa wazi.

Aliyesaili alikuwa Fisi, Mkuu wa Utumishi. Fisi alikuwa na desturi ya kusaili waombaji akiwa amefumba macho. Alisema ni kwa ajili ya haki, ili asimpendelee mtu kwa sura yake, na Simba aliipenda desturi hiyo hata akaisifu hadharani. Waliokaa karibu na Fisi walijua kwamba alikuwa akiliachia tumbo nafasi ya kusaga.

Sungura alieleza sifa zake zote kwa mpangilio, kuanzia mishipa ya maji hadi Siafu. Fisi alisikiliza, akacheua, akatikisa kichwa kama mtu anayetoa pole.

“Tatizo lako, kijana wangu,” alisema, “sifa zako zimezidi.”

“Zimezidi nini, Mzee?”

“Nafasi. Tukikupa Visima utaizoea kazi upesi, kisha utaanza kutaka makubwa. Hapa tunatafuta mtu wa kujifunza. Na hali ya uchumi unaiona mwenyewe.” Akafikiri kidogo, macho yamefumbwa. “Tunaweza kukupa nzi.”

Sungura aligeuka nusu aondoke. Lakini nyumbani, katika shimo chini ya kichuguu, mkewe, Mama Kitungule, alikuwa na watoto wachanga na maziwa yalikuwa yameanza kumkauka. Akageuka tena, akasema asante. Makofi yakapigwa.

Kazi ilikuwa kusimama juu ya jiwe tangu jua linapochomoza, usinga mkononi, na kupunga. Sikio la kulia halikuwa na mtu. Nafasi yake ilikuwa wazi. Kwa hiyo nzi waliofukuzwa kushoto walihamia kulia, wakapumzika, wakapiga soga, kisha wakarudi kushoto wakiwa na nguvu mpya. Sungura aliomba ruhusa anyooshe mkono afukuze pande zote mbili, kwa kuwa kichwa ni kimoja. Fisi alimjibu kwamba huko ni kuingilia majukumu ya mtumishi mwingine. Sungura akamkumbusha kwamba mtumishi huyo hayupo. Fisi akasema kutokuwepo kwake hakumwondolei heshima yake.

Aliyemfungua Sungura macho ni Ngiri, mfuta kucha za Mheshimiwa. Ngiri alikuwa amekaa katika utumishi kwa muda mrefu mno, hata akala kwa magoti, akafuta kwa magoti, na kusinzia kwa magoti. Alieleza, akitazama huku na huku, kwamba kwa desturi ya bwawa kila nafasi ina fungu lake, iwe na mtu au isiwe naye. Nafasi ikishatangazwa kuwa wazi, fungu lake hutunzwa na Mkuu wa Utumishi mpaka apatikane anayefaa. Ndiyo maana usaili wa Visima haukuisha tangu ukame uanze, na anayefaa hakupatikana.

“Huyatunza wapi maji hayo?” aliuliza Sungura.

Ngiri alilitazama tumbo la Fisi lililolala kivulini, akainamisha macho haraka. “Yanatunzwa, Bwana Sungura,” alisema. “Sisi tufute kucha.”

Ukame ulipozidi, Fisi aliwakusanya watumishi akawaambia kwamba nchi inadai kujinyima, na kwamba kujinyima kutakuwa kwa usawa, kila mmoja kwa zamu yake. Ili kuonyesha mfano alianza na Sungura. Kata yake ikawa nusu kata. Zamu ya waliofuata haikutajwa tena.

Siku hiyo Sungura alifika nyumbani na kibuyu kinachocheza maji kwa sauti ya aibu. Mama Kitungule alikichukua, akakitikisa karibu na sikio, akawatazama watoto waliokuwa wamelala midomo wazi.

“Baba Kitungule,” alisema, “hizo sifa zako zilizozidi, huwezi kuzimimina humu kidogo?”

Sungura alianza kueleza kuhusu mishipa ya maji. Alisema kwamba mmoja unapita karibu tu na hapo, chini ya miti ya miiba, na kwamba mtu aliyesoma huusikia kwa nyayo.

“Basi kauchimbe.”

Akajibu kwamba kuchimba ni kazi ya Mkuu wa Visima, na anayechimba bila cheo hukamatwa. Hilo lilikuwa kweli. Hakusema, ingawa nalo lilikuwa kweli, kwamba mtu wa elimu yake hakupenda kuonekana na udongo kwenye kucha. Mama Kitungule alilisikia hata hilo ambalo halikusemwa. Akawanywesha watoto kwa ncha ya kidole, mmoja baada ya mwingine, na yeye mwenyewe hakunywa. Sungura alikaa mlangoni akimtazama, akizificha kucha zake safi.

Punde baadaye Simba alitangaza ziara. Alisema anakwenda kuwafariji wananchi wenye kiu, yaani alitaka kuamkiwa, kwa sababu bwawani walikuwa wamemzoea. Fisi akaachiwa usimamizi wa makao.

Sasa, kila siku Simba alikuwa akiwekewa juu ya jiwe paja la nyama, ambalo halikuulizwa ni la nani, pamoja na birika la maji. Akisafiri, desturi ilikuwa kwamba fungu lake liwekwe vilevile na lisiguswe, kwa kuwa kutoligusa ndiyo heshima. Na kwa kuwa sikio la kushoto lilikuwa safarini, Sungura alipangiwa kwa muda kulifukuzia nzi paja. Fisi alikuja kukagua kazi hiyo. Akaja tena kuikagua. Mwishowe akalala palepale, pua imeelekea jiwe, mate yakimtoka.

“Linaharibika,” alisema.

“Linaharibika, Mzee.”

“Nyama kama hiyo. Na wananchi wana njaa.”

“Lingekuwa la nafasi ya wazi lingetunzwa,” alisema Sungura, akipunga usinga taratibu, upepo ukimpelekea Fisi harufu yote. “Bahati mbaya Mheshimiwa amesafiri tu. Kiti hakina mtu, lakini hakijatangazwa.”

Fisi akameza mate. Akauliza, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, tofauti ya kiti kisicho na mtu na nafasi ya wazi ni ipi hasa.

“Mzee wangu unaniuliza mimi? Mimi ni wa sikio la kushoto. Mambo hayo yanawahusu wakubwa wenye mamlaka ya kutangaza.”

Fisi alilitazama paja, akalitazama birika, akatazama barabara aliyoondokea Simba. Kila alipotamani fungu la mtu katika maisha yake yote ya kazi, alitangaza nafasi kuwa wazi, na fungu likamjia. Njia ilikuwa hiyo hiyo moja, na haikuwahi kumwangusha. Akamwita Kasuku.

Kasuku alikuwa msemaji wa makao. Hakuwahi kuelewa tangazo hata moja alilolitoa, na kwa hiyo hakuwahi kulikosea. Alipaa juu ya miti akatangaza kwamba kuna nafasi ya wazi, ya Mfalme. Kwamba mwombaji awe na nywele za shingoni, sauti, na uwezo wa kufanya kazi bila kusimamiwa. Na kwamba usaili utaendelea mpaka apatikane anayefaa. Kabla hajamaliza kulizunguka bwawa, paja lilikuwa limeshatunzwa.

Foleni ilifika mpaka kwenye miti ya miiba. Kila mtu alijua nafasi hiyo ina birika zima. Ngiri aliomba akiwa amepiga magoti, akaambiwa hana uzoefu wa kusimama. Nyumbu aliomba kwa sababu aliyekuwa mbele yake aliomba. Twiga aliambiwa shingo anayo, tatizo ni nywele. Fisi aliwasikiliza wote, macho yamefumbwa, tumbo limemvimba kama ngoma ya harusi, na kila paja jipya lililoletwa alilitunza kwa moyo mmoja.

Kasuku naye aliendelea kuruka na tangazo lake, kwa kuwa hakuna aliyemwambia akome wapi. Alimkuta Simba katikati ya hotuba juu ya subira. Akatua kwenye tawi, akamsomea nafasi yake mwenyewe, na sifa zinazohitajika.

Simba alirudi bila kuaga. Alifika amejaa vumbi, miiba ya nyasi imemganda kwenye nywele za shingo, na koo limemkauka kwa hotuba hata sauti ikawa kama ya mtu mwingine. Nyumbu aliyekuwa mwisho wa foleni alimwambia bila kugeuka kwamba wenzake nao wamechelewa na wamevumilia. Kisha akageuka. Foleni ikapasuka katikati, na Simba akapita hadi mbele.

Alikuwa amekuja na nia ya kulimaliza shauri papo hapo. Lakini majivuno yake yalimtangulia kama kawaida: alitaka kwanza azisikie sifa zake zikitajwa. Akaketi mbele ya Fisi. Ngiri, ambaye tayari alikuwa chini, akajitahidi kwenda chini zaidi.

“Anayefuata,” alisema Fisi, macho yamefumbwa. “Taja uzoefu.”

“Nimekuwa mfalme.”

“Wapi?”

“Hapa.”

“Tangu lini?”

“Tangu nizaliwe. Na baba yangu kabla yangu.”

Sungura, aliyekuwa bado akipunga karibu na jiwe, alisimamisha usinga. Nzi wakatua wote kwenye midomo ya Fisi iliyong'aa mafuta, na Fisi akacheua, akatikisa kichwa kama mtu anayetoa pole.

“Tatizo lako, kijana wangu,” alisema, “sifa zako zimezidi. Hapa tunatafuta mtu wa kujifunza. Na hali ya uchumi unaiona mwenyewe.” Halafu, kwa kuwa alikuwa ameshiba na mwenye shibe huwa na huruma, akaongeza: “Tunaweza kukupa nzi. Sikio la kulia liko wazi.”

“La nani?” aliuliza Simba.

Fisi akafumbua macho.

Baadaye, makao yalipotulia, Simba alimwita Sungura. Alikuwa amesikia kwamba mtumishi huyu alishughulika na paja lake kwa uaminifu na hakulionja. Sungura aliona saa yake imefika. Akaeleza habari za Kobe wazee, lugha za wenye kwato, Tembo na Siafu, na mshipa wa maji unaopita chini ya miti ya miiba, ambao ukichimbwa ungewanywesha wote, wenye cheo na wasio nacho. Simba alisikiliza hadi mwisho, na alionekana kuguswa. Alisema ni fahari kubwa kuwa na mtu wa kiwango hicho karibu yake. Karibu kabisa, alisisitiza. Suala la Visima lingefikiriwa.

Kesho yake Kasuku alitangaza kwamba Mzee Fisi amestaafu kwa heshima ili apate muda wa kukaa na familia. Kwamba makao yamefanyiwa mageuzi makubwa. Na kwamba Bwana Sungura, kwa kutambua elimu yake isiyo ya kawaida, amepandishwa na kupanuliwa majukumu.

Kilichotokea hasa ni kwamba Fisi alipigwa kofi moja la kiunoni, akakimbilia porini makalio yakiwa chini kuliko mabega, na hayajapanda mpaka leo. Nusu kata ikarudi kuwa kata nzima, na watoto wa Mama Kitungule wakanywa. Visima havikuchimbwa. Sungura aliongezewa sikio la kulia.