Uyoga Mwekundu wa Otilia

Ndugu yangu, kabla hujampelekea mwingine hadithi hii, isome kwanza wewe mwenyewe mpaka chini. Mimi nilipoimaliza nilimwita binti yangu, nikamuuliza ni watu gani anawafuata kwenye simu yake.

Otilia alikuwa mhudumu wa mapokezi katika ofisi moja Dar es Salaam. Alipofika miaka ishirini na tisa alichoka na joto, foleni na kelele. Akaacha kazi, akahamia Mufindi, akapanga nyumba ya zamani ya matofali kando ya msitu wa misonobari. Akafungua ukurasa mtandaoni akauita Shamba Tulivu.

Kwenye video zake alivaa gauni refu la maua. Alikanda unga dirishani, alinawa miguu kijitoni, alipanga mayai kwenye kikapu huku muziki laini ukipigwa. Watu wa mijini walimwandikia, "Dada, natamani maisha haya."

Hawakuona jiko la gesi nyuma ya mlango. Hawakujua kuwa mkate ule ulitoka dukani Mafinga. Otilia hakuwa mwongo kwa tabia. Alianza kwa kukata vipande vya video alimokuwa anakohoa kwa moshi wa kuni, na mwisho akajikuta anakata ukweli wenyewe.

Ilikuwa likizo ya Desemba, mvua zimeshika. Asubuhi moja Otilia aliona chini ya misonobari uyoga mwekundu wenye madoa meupe, mzuri kama wa kuchorwa. Akajirekodi anauchuma na kuujaza kikapuni.

Jirani yake, mama Fausta, alikuwa anapita na jembe begani. Akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, huo hauliwi. Ni sumu."

"Najua, mama. Ni wa kupigia picha tu."

"Na wanaoitazama hiyo picha, nao wanajua?"

Otilia akacheka. "Mama, watu wa mtandaoni wanatazama tu. Hawapiki."

Akarudi nyumbani akajirekodi anaukata ule uyoga mwekundu. Kisha akazima kamera, akautupa shimoni, akaweka kikaangoni uyoga mweupe alionunua sokoni. Akawasha kamera tena, akala, akafumba macho kwa utamu.

Nyumbani kwake hakukuwa na mtandao. Ili kutuma video ilibidi apande kilima cha nyuma. Jioni ile alipanda akaituma, akakaa dakika chache akijibu maoni na ujumbe, kisha akashuka kulala.

Kesho yake, saa nane na nusu mchana, alipanda tena. Simu ikaanza kulia mfululizo. Video ilikuwa imetazamwa na watu wengi kuliko zote alizowahi kutuma. Akatabasamu. Kisha akaona ujumbe kutoka kwa mtu mwenye picha ya ua, asiye na jina wala namba.

Wa kwanza siku hiyo ulitumwa saa saba kasoro. "Dada Otilia, na sisi tumeupata msituni kwetu! Watoto wamefurahi. Nimepika kama ulivyopika wewe." Chini yake palikuwa na picha ya sufuria. Ndani yake kulikuwa na vipande vyekundu.

Wa pili, saa saba na nusu. "Dada, mdogo anatapika. Ni kawaida?"

Wa tatu, saa nane kasoro. "Dada nijibu. Mkubwa anaongea maneno hayaeleweki, mate yanamtoka. Nifanye nini?"

Baada ya hapo hakukuwa na kitu.

Otilia akakaa kwenye majani yaliyolowa. Akaandika, "Wapeleke hospitali sasa hivi!" Ujumbe haukufika. Akaandika tena. Haukufika.

Akapandisha mazungumzo juu ili aone huyu ni nani. Hapo ndipo alipokutana na jambo ambalo hakulitegemea. Jana jioni mtu huyu huyu alikuwa amemuuliza, "Samahani dada, huu mwekundu unaliwa kweli? Kwetu wanasema ni mbaya."

Na yeye Otilia, kwa haraka zake, alikuwa amejibu, "Mtamu sana, mpenzi."

Alisoma maneno yake mara tatu. Hakukumbuka hata kuyaandika.

Kidole chake kikaenda kwenye neno "Futa." Nakuambia ukweli kama nilivyoambiwa: kilikaa pale. Akifuta video na mazungumzo, nani atajua? Mtu hana jina. Misitu ni mingi. Aliona polisi, aliona watu wakimtukana, aliona mama yake mzazi akisoma habari zake. Halafu akaiangalia tena ile picha ya sufuria. Pembeni yake kulikuwa na bakuli mbili ndogo za plastiki.

Akakiondoa kidole pale. Akaingia laivu.

Nywele zilikuwa timutimu na machozi yanamtoka. "Jamani nisikilizeni. Uyoga mwekundu niliowaonyesha jana ni sumu. Mimi sikuula. Nilidanganya. Niliutupa nikala mwingine. Kuna mama amewapikia watoto wake, na ujumbe wangu haumfikii. Nawaomba mnisaidie kumpata." Akaonyesha ile picha ya ua.

Matusi yakaanza kumiminika. Muuaji. Tapeli. Otilia akaendelea kurudia maneno yale yale, sauti inakauka. Zikapita dakika kumi.

Kisha maandishi yakatokea: "Huyo ni mke wangu Leokadia. Niko kazini kiwanda cha mbao. Naitwa Gaudensi. Ngoja nimpigie jirani."

Otilia akashika simu kwa mikono miwili. Mvua ikaanza. Hakusogea.

"Jirani ameingia ndani," Gaudensi akaandika. "Mke wangu yuko nao, yeye hajala, ila simu yake imeisha chaji na hana usafiri. Watoto wote wawili wamelala, wanatingishwa hawaamki."

"Wawahisheni hospitali! Bebeni na uyoga uliobaki, daktari auone!"

"Wamepata lori la kubebea mbao. Wanaondoka."

Baada ya hapo kimya. Otilia alikaa kilimani amelowa, akiogopa simu isilie na akiogopa ilie.

Saa kumi na moja ikalia. Alikuwa Gaudensi.

"Dada, mkubwa amefumbua macho. Mdogo bado, ila daktari anasema tumewahi."

Otilia akalia. Alipotulia akafungua maoni ya laivu ile ili ayakabili matusi yake. Yalikuwepo. Lakini katikati yake kulikuwa na mengine.

"Ulikuwa jikoni unachemka. Nimemwaga sasa hivi. Mafinga."

"Dada, mama yangu alishaupakua. Nimemnyang'anya sahani."

"Tulikuwa tunaukausha kwa ajili ya sikukuu. Njombe."

Akahesabu nyumba kumi na moja. Alidhani anaitafuta familia moja. Kumbe kulikuwa na sufuria kumi na moja nyingine ambazo hakuna mtu angezisikia, kama kile kidole kingebonyeza.

Siku ya tatu alikwenda hospitali. Mtoto mdogo alikuwa amekaa kitandani, anakunywa uji. Otilia akapiga magoti mbele ya Leokadia.

"Nisamehe, dada yangu."

Leokadia akamsogezea mtoto bakuli la uji. Kisha akasema, "Mimi naishi huko huko msituni. Nachota maji, napika kwa kuni, nalima. Siku zote niliyaona maisha yangu ni shida tupu. Nilipokuona wewe nikasema, kumbe haya ni maisha mazuri. Siku ile nilitaka wanangu wale chakula kizuri kama chako."

Otilia alibaki amepiga magoti.

"Sijakusamehe bado," Leokadia akasema, akipangusa mdomo wa mtoto. "Lakini ulirudi kusema. Inuka, sakafu ni baridi."

Funzo: Kile unachowaonyesha watu kuwa ndiyo maisha yako, kuna mtu mahali fulani atakiishi kweli. Na ukikosea mbele ya wengi usifute kimyakimya. Rudi mbele ya wale wale useme ukweli, hata kama unatetemeka.