Kifusi Ambacho Hakikuwepo

Mwanamke mmoja alikuwa anachambua mchele kibarazani, ungo mapajani, jirani yake alipoingia mbio bila hodi.

"Mama, kifusi cha korongoni kimeporomoka! Watoto walikuwa wanacheza chini yake."

"Watoto wa nani?"

"Watatu wa mtaani. Mmoja wao ni wako, yule wa tatu kuzaliwa."

Ungo ulianguka. Hakuuliza kifusi gani. Alikijua kuliko mtu yeyote.

Niwaeleze kazi yake. Alikuwa karani kwenye ghorofa lililokuwa linajengwa pale juu, lililoomba cheti cha jengo lisiloharibu mazingira. Cheti hicho hakipatikani kwa kupaka ukuta rangi ya kijani. Kila lori la mabaki ya ujenzi lazima lipimwe kwenye mizani, iandikwe limekwenda wapi na limechoma dizeli kiasi gani njiani. Mwanzoni alipima. Kisha jua likawa kali, malori yakawa mengi, na nyumbani watoto wanne walikuwa wanamsubiri awapikie. Akaanza kusaini fomu za wiki nzima Jumatatu asubuhi: kifusi chote kimepelekwa kusagwa. Dereva mwenye fomu iliyokwisha kusainiwa aende mbali kutafuta nini? Alimwaga korongoni. Mama alikiona kikikua kila alipokwenda kuteka maji, akanyamaza. Nani kati yetu hajawahi kunyamaza hivyo?

Sasa alipanda kilima mbio. Majembe ya majirani yasingetosha. Pale juu kulikuwa na kijiko, ile mashine ya kuchimbia. Alimkuta msimamizi amekaa na mkaguzi wa cheti, mafaili mezani.

"Nipeni kijiko! Kifusi chetu kimefukia watoto korongoni."

Msimamizi alicheka kidogo, jicho kwa mkaguzi. "Kifusi chetu? Mama, umechanganyikiwa. Chetu kimesagwa chote. Hii sahihi ya nani?"

Alitazama. Mwandiko wake, umenyooka, hauna hata kosa moja. Wapendwa, mnaona? Mtoto yuko chini ya kitu ambacho mama yake mwenyewe ameandika kwamba hakipo.

"Yangu," alisema. "Nimedanganya. Kwa wiki nyingi sijapima hata lori moja. Kifusi kipo, na mwanangu yuko chini yake."

Mkaguzi alifunga faili. "Washeni kijiko."

Na sisi je? Tunamjazia Mungu fomu Jumatatu asubuhi: nimesamehe, nimemtazama mgonjwa, nimelea wanangu. Halafu mzigo tunaumwaga nyuma ya nyumba, pale pale watoto wetu wanapochezea. Mnaogopa siku Mungu atakaposoma maandishi yetu? Mimi naogopa zaidi siku tutakayolia tusaidiwe, na maandishi yetu wenyewe yaseme hatuna shida yoyote.

Watoto walitolewa hai, weupe kwa vumbi la saruji; bati kuukuu lilikuwa limewakinga. Kazi aliipoteza. Jioni wali ulikuwa na mchanga, maana mchele ule uliokotwa chini, wala hakuna aliyelalamika. Alipakua. Lakini kabla ya kusema wote wapo, alipita akimgusa kila mmoja kichwani: mmoja, wawili, watatu, wanne. Akarudia tangu mwanzo.

Ndipo akasema, "Haya, tuleni."