Pimbi, Fisi na Pigano la Darajani

Jamani, nianze?

"Anza!"

Nikitia chumvi?

"Tia, tumezoea!"

Na anayejua mwisho?

"Afunge mdomo!"

Haya. Wewe hapo, weka simu chini, nakuona.

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana umeme ulikuwa umeshafika mlimani, palikuwa na Pimbi. Pimbi mnamjua, yule mnyama mdogo wa kwenye mawe, mnene kidogo, mkia hana. Huyu wa kwetu alikuwa mama, na alikaa na watoto wake katika pango kavu katikati ya majabali. Palikuwa na Fisi naye. Fisi alikuwa na nguvu, alikuwa na meno, na pango lake mwenyewe alikuwa nalo. Akalitaka na la Pimbi.

Siku moja ya masika Pimbi akatoka kutafuta majani. Kurudi, anamkuta Fisi amejilaza mlangoni kama kwake, watoto wako nje kwenye mvua, wamelowa, wanatetemeka tetetete. Pimbi akaumia moyo, lakini hakupiga kelele. Akamwamkia.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

Fisi akaitikia kwa pua. Akasema pango limepata mwenyewe, na kama kuna mtu hakuridhika, wakutane kwa Kima.

Kwa Kima ndiyo kwenye kibanda cha gemu. Sikilizeni desturi ya mlima ule. Zamani ugomvi waliumaliza kwa meno, na mwenye meno makubwa akashinda kila siku. Kima alipoleta televisheni na gemu yake ya mashujaa, wanyama wakakubaliana: ugomvi wowote utamalizwa kwenye kioo, na atakayepigwa kwenye kioo ataondoka bila kunung'unika. Gemu yenyewe ilikuwa hivi. Unapewa shujaa wako, unampitisha msituni, anaokota silaha na mali, halafu mnakutana na adui yako darajani mpigane kwa upanga na ngao.

Fisi aliipenda sana desturi hiyo, kwa sababu alikuwa hajawahi kushindwa. Alichagua upanga mkubwa kuliko zote, akabonyeza vitufe vyote kwa pamoja, pu pu pu, adui akaanguka. Mimi Fisi simpendi, lakini haki yake nampa: mkono ule ulikuwa na nguvu.

Sasa msikilizeni huyu mama, maana huyu nampenda, sifichi. Pimbi ni mtu wa joto, na kibandani kwa Kima kulikuwa na joto. Tangu kabla ya ugomvi huu, kila asubuhi, wateja hawajafika, alikaa pale mbele ya kioo bila kupepesa jicho. Pimbi anaweza kulitazama hata jua, sembuse televisheni. Kima akamwachia pedi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea. Pimbi akachagua ngao ya mbao na upanga mfupi, vile vitu ambavyo wengine walivitupa.

Mwanzoni alipigwa vibaya. Alijificha nyuma ya ngao muda wote, na ngao ile ukiishikilia juu, pumzi ya shujaa inakwisha. Pale chini ya kioo kuna mstari wa kijani, huo ndio pumzi, ukikauka, umekwisha. Akapigwa, akarudi. Akapigwa, akarudi. Mpaka akaelewa kwamba ngao ni mlango. Hufungi mlango kutwa nzima. Unaufunga mwizi anapofika, akishagonga na kuumia mkono, unaufungua unatoka. Akaelewa pia kwamba upanga wa adui usiutazame, tazama bega lake, kwa sababu bega hupanda kabla ya upanga. Na akaelewa jambo ambalo Fisi hakuwahi kuliwaza, kwamba kila unachookota mle msituni kina uzito. Nani alimfundisha? Hakuna. Alikaa akatazama. Uvumilivu wa namna hiyo mimi sina, na ninyi hamna.

Basi wakafika kwa Kima. Watoto wa Pimbi wakabaki barazani, mvua inawafuata hadi miguuni. Kima akatoa pedi mbili, akawakumbusha desturi: anayepigwa anatoka pangoni. Fisi akacheka hihihiii, wakaanza.

Shujaa wa Fisi akaingia msituni, mwepesi, tapatapatapa. Mbele yake kuna shoka kubwa. Pimbi akasema kwa adabu kabisa:

"Bwana Mkubwa, hilo shoka naomba uniachie mimi."

Fisi akalichukua. Akalibeba. Akaenda, tapa, tapa, tapa.

Mbele kuna ngoma ya shaba.

"Bwana Mkubwa, hiyo ngoma naomba uniachie mimi."

Fisi akaichukua. Akaibeba. Akaenda, tapu... tapu...

Mbele kuna kiti cha mfalme, cha mti mzito.

"Bwana Mkubwa, hicho kiti naomba uniachie mimi."

Fisi akakichukua. Akakibeba. Akaenda, ndi... ndi... ndi...

Karibu na daraja palikuwa na gunia la mawe. Mawe tu, ya kujengea. Pimbi akaliomba na lenyewe. Fisi akalitia mgongoni. Kima akashindwa kunyamaza, akamuuliza mawe ni ya nini.

"Kama huyu anayataka, yana kitu," Fisi akasema.

Wakakutana darajani. Shujaa wa Pimbi mdogo, na kingao chake cha mbao. Shujaa wa Fisi amejaa daraja zima, shoka mkononi, kiti kichwani, ngoma ubavuni. Barazani watoto wa Pimbi wakafumba macho.

Bega la Fisi likapanda. Shoka likashuka, vuuu! Ngao ikainuka, ko! Ikashuka. Bega likapanda. Vuuu! Ngao ikainuka, ko! Ikashuka. Na kila shoka lilipogonga, mstari wa kijani wa Fisi ukapungua. Wa Pimbi ukajaa tena, kwa sababu ngao yake ilipumzika kila mara. Nawaambia, ilikuwa raha kutazama. Kanyayo kamoja kushoto, ko. Kanyayo kamoja kulia, ko. Hakubonyeza hata kitufe kimoja cha bure.

Mstari wa Fisi ukakauka. Shujaa wake akasimama anahema, heee, heee, shoka haliinuki. Fisi akabonyeza vyote kwa pamoja, pu pu pu. Haliinuki.

Pimbi angeweza kummaliza pale pale. Akashusha upanga akamtazama.

"Bwana Mkubwa, nakwambia kweli. Tupa kitu kimoja tu, utapata pumzi."

Na ilikuwa kweli, Kima mwenyewe aliitikia kwa kichwa. Fisi akafungua mkoba wa shujaa wake. Akalishika shoka, akalirudisha. Akaishika ngoma, akairudisha. Akakishika kiti, akakipapasa, akakirudisha. Akafika kwenye gunia la mawe, akalitazama kwa muda mrefu.

"Hapana," akasema. "Haya ndiyo uliyoyataka zaidi."

Chwa! Upanga mfupi, mara moja. Shujaa wa Fisi akadondoka mtoni na mali yake yote, chubwiii.

Kima akatangaza pango ni la Pimbi. Fisi hakubisha. Wala pango hakulitaja. Aliendelea kushika pedi, akauliza:

"Na vitu vyangu?"

Kima akamuuliza vitu gani. Shoka langu, akasema. Ngoma yangu, kiti changu, gunia langu. Kima akamweleza kwamba vile ni vya mle mle kiooni. Fisi akainuka, akazunguka nyuma ya televisheni, akaingiza kichwa kati ya nyaya, akaanza kunusa.

Pimbi akawachukua watoto wake, akarudi nao nyumbani, wakabanana kwenye jiwe kavu mpaka kutetemeka kukaisha. Na Fisi bado yuko nyuma ya televisheni, anatafuta. Wateja wanamruka miguu.

Sasa mafunzo. Mama zenu wameniomba niseme kwamba gemu haimfundishi mtu kitu, ni kupoteza muda tu. Nasema: kweli kabisa, haifundishi kitu. Kamuulizeni Fisi, amecheza miaka yote.

Ngano yangu naitua hapa. Anayeitaka aibebe, lakini hii naomba mniachie mimi.