Kipimo cha Jana

"Kipimo cha jana hakioshi maiti ya leo." Mmemsikia shangazi yenu akimjibu jirani hivyo, mkacheka, mkauliza tangu lini kipimo kikaota mikono. Haya, sogeeni. Methali hii ilianza hivi.

Ulikuwa mwaka wa homa ya kutoka damu. Katika kijiji cha Nyabirere aliishi Kemilembe, mwosha maiti za wanawake wa ukoo wake. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake. Binti yake Alinda, aliyeolewa kijiji cha pili, alikuja kila msiba kummiminia maji, maana ndiye atakayeirithi.

Wakati huo wataalamu wa maabara walikuwa wamepiga kambi zahanati, wakijaribu kipimo kipya. Kabla yake damu ilisafirishwa hadi mjini, na jibu lilirudi mgonjwa keshazikwa. Hiki kilikuwa kijipande cha plastiki: unadondoshea tone la damu, na chai yako haijapoa umejibiwa. Mstari mmoja, ugonjwa haukuonekana. Miwili, upo.

Basi Adventina, mdogo wake Kemilembe, alirudi kutoka ng'ambo ya mto alikokwenda kumuuguza mama mkwe wake hadi akafa. Asubuhi moja akaamka na homa, na dada yake akamkimbiza kupimwa siku hiyo hiyo. Mstari mmoja. Kemilembe alipiga magoti kushukuru. Mpimaji, bwana mmoja mpole aitwaye Rwezaula, alimsihi asishangilie bado. Homa ilikuwa changa, alisema. Ni kama mgeni anayevuka uani, ukichungulia sebuleni utaapa hayupo. Mgonjwa atengwe, arudishwe siku ya tatu apimwe tena.

Kemilembe alisikia yote, ila kilichokaa moyoni ni ule mstari mmoja. Siku ya tatu Adventina aliomba uji wa ulezi, akanywa, na dada yake akaona hakuna haja ya kumsumbua. Uji ule haukumfikisha mbali. Wiki haikuisha, akafa.

Rwezaula alifika msibani akaomba kitu kimoja tu: ampitishie marehemu pamba mdomoni, apime, kabla hajaguswa. Wazee wa ukoo walimgeukia Kemilembe.

"Nipe muda wa kikombe cha chai, mama," Rwezaula alisema. "Nisipouona ugonjwa, mtaosha."

"Ulishapima mwenyewe, baba. Ulisema hana."

"Nilisema haujaonekana."

"Ndugu yangu hatamfuata mama yetu kaburini na jasho la homa mwilini, eti kwa kuwa mmeanza kukitilia shaka kidude chenu."

Rwezaula alishusha sauti. "Basi osha peke yako. Huyu binti akae mbali."

Kemilembe alimtazama Alinda, aliyekwisha kuinua ndoo. Wanawake wa ukoo walikuwa wakiwatazama wote wawili. Aliona haya, mwoshaji hamfukuzi mrithi wake mlangoni.

"Mimina," alisema.

Walipomaliza ndipo Rwezaula aliporuhusiwa na pamba yake. Ilitoka mistari miwili, na ule wa pili ulikolea kuliko wa kwanza.

Haukupita muda mama na binti wakalazwa katika hema la wagonjwa. Kemilembe homa ilimpiga, ikamchosha, ikamwacha. Alinda haikumwacha. Alikuwa upande wa pili wa pazia la nailoni, akiita mama, na mama akiitika kila alipoitwa, mpaka wito ukakoma. Watu waliovaa mabuti na barakoa walimfunga kwenye mfuko, wakamzika. Mikono iliyowapitia wafu wote wa kike wa ukoo haikuruhusiwa kumgusa huyo mmoja.

Kemilembe hakuwa amepata nguvu vizuri wanawake walipokuja kumwita. Kulikuwa na maiti ya mwanamke wa ukoo nyumba ya jirani, na bado haijaoshwa. Hakuna shaka, walimwambia: marehemu alipimwa alipoanza kuugua, ukatoka mstari mmoja.

Alijifunga kanga, wakadhani anakwenda kuosha. Alipofika, aliketi kizingitini pa chumba cha maiti, miguu ameinyoosha, mtu asipate pa kupita. Akasema Rwezaula aitwe kwanza. Wakamsihi, wakambembeleza, wakaanza kumtukana.

"Mwoshaji gani wewe unayeogopa maiti?" mmoja aliuliza. "Si nimekwambia alipimwa?"

"Alinda wangu aliuliwa na jibu hilo hilo," Kemilembe alisema. "Kipimo cha jana hakioshi maiti ya leo."